Kupima Kigelegele cha Mama

Mama yangu ana kigelegele ambacho mtaa wake mzima wa Nangara unakijua. Akikipiga kwenye harusi huku chini, mtu aliye kule barabara ya lami anajua nani amealikwa. Kinaanza ghafla, bila ile pumzi ya kujiandaa wanayovuta watu wengine, kinapanda, kinatetemeka kule juu mpaka unaanza kumwonea wasiwasi, kisha kinakatika palepale. Mimi ni fundi wa redio na maspika hapa Babati mjini, na kwa miaka mingi kigelegele hicho kilinitesa kuliko redio yoyote iliyowahi kuletwa mezani kwangu.

Kilinitesa kwa sababu sikuweza kukirekodi. Siku za wiki natengeneza vitu vya watu kwenye chumba changu karibu na soko, na Jumamosi nabeba maikrofoni na kompyuta kwenda kurekodi kwaya. Kwaya anayoimba Mama nimeirekodi mara nyingi. Nilinasa besi, nikanasa sauti za tatu, nikanasa ngoma na hata benchi linalolia mtu akihama. Lakini kila kigelegele kilipopigwa, spika ilitoa mkwaruzo kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Mama alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa, kisha ananigeukia.

"Mbona wenzangu wote umewatoa vizuri," anasema, "mimi tu ndiyo umenichana?"

Wanaoniuliza kwa nini ilikuwa hivyo huwa nawaeleza kwa debe, maana hapa kwetu hakuna asiyejua debe la mahindi. Sauti ikiingia kwenye maikrofoni inageuka umeme, mdogo sana, unaopanda na kushuka. Kompyuta haina habari na umeme huo, yenyewe inataka namba. Katikati anakaa kigeuzi, ambaye kazi yake ni kuupima umeme ule maelfu ya mara kila sekunde na kutamka namba. Sasa kigeuzi ni mpimaji mwenye debe moja tu. Ukimpa kiganja cha mahindi, anachungulia chini ya debe na kubahatisha. Ukimmiminia gunia zima, debe linajaa, mengine yanamwagika chini, na yeye anasema "limejaa", basi. Yaliyomwagika hayajui na wala hayamhusu. Ukiondoa maneno makubwa niliyofundishwa chuoni, kazi yangu ni kuyaandaa mahindi kabla hayajamfikia, yaje karibu na ukingo bila kumwagika. Kigelegele cha Mama kilikuwa kinamwagika.

Basi tuliishi hivyo, yeye akilalamika na mimi nikiahidi, mpaka meno yake ya mbele yalipoanza kucheza.

Daktari wa meno aliyatazama, akayagusa kwa kidole, akasema ya juu yote ya mbele yatoke, na akampangia Jumatatu. Mama hakuogopa sindano wala koleo. Nilimkuta nyumbani uani anapepeta mbaazi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza bila kuinua macho: "Hivi mwanangu, meno yakishaondoka, ulimi utakuwa unagonga wapi?"

Alicheka alipouliza. Lakini ungo ulisimama mikononi mwake, na mimi nilipata woga ambao sikuutegemea. Nilikuwa nimekizoea kigelegele kile kama watu wa hapa tulivyozoea kuuona mlima Kwaraa kila asubuhi. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu kinachoweza kwisha.

"Kabla ya Jumatatu nitakirekodi," nikamwambia. "Kizima. Bila mchaniko."

"Ulianza kusema hivyo nikiwa na nywele nyeusi," akasema, akarudia mbaazi zake.

Kwa bahati, kwaya ilikuwa imeshapanga kurekodi wimbo mpya wa shukrani Jumamosi hiyohiyo. Kwa bahati mbaya, kifaa changu cha kurekodia kilikuwa kimekufa nusu. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa hasira, kama kawaida yake, ukaunguza sehemu ya mbele, ile inayoipokea maikrofoni. Kigeuzi chenyewe kilipona. Nilikuwa na mpimaji na debe lake, lakini sikuwa na wa kumwandalia mahindi. Kumpata mwingine kutoka Arusha kungechukua muda ambao sikuwa nao. Nikaamua kutengeneza sehemu ya mbele mwenyewe, na nitasema ukweli, nilifurahi kama mtoto aliyefungiwa ndani ya duka la pipi.

Nianze na kukuza. Umeme wa maikrofoni ni mdogo mno, kwa hiyo nililehemu saketi ya kuukuza, na juu yake nikafunga kitufe cha kuzungusha ili niweze kuongeza na kupunguza. Halafu nikaunyanyua. Sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini ya sifuri, lakini kigeuzi changu hakijui kitu kinachoitwa chini ya sifuri. Ukikiletea, kinakata nusu ya sauti na kuitupa. Kwa hiyo nilitumia rizista mbili zilizo sawa kuuweka umeme wote katikati ya debe, upate nafasi juu na nafasi chini. Baada ya hapo nikaweka chujio. Umeshaona video ya simu ambayo gurudumu la bajaji linaonekana linazunguka kinyumenyume? Kamera inapiga picha taratibu kuliko gurudumu linavyokwenda, ikadanganyika. Kigeuzi nacho hudanganyika hivyohivyo kikiletewa mitetemo ya kasi kuliko kinavyoweza kupima, kinazua sauti ambazo hakuna aliyeziimba. Chujio linaizuia mitetemo hiyo mlangoni. Mwisho nikafunga daiodi mbili za ulinzi, ili kelele ikizidi sana umeme wa ziada upite pembeni na usikiue kigeuzi changu cha pekee. Nilipozifunga zile daiodi nilikuwa namfikiria Mama kabisa.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Harufu ya risasi inayoyeyuka, ambayo naipenda tangu chuoni, wiki ile ilikuwa inanichefua. Nilifungua dirisha na mlango, na mume wangu, aliyekuwa anapitia kila jioni akitoka kazini, akasogeza feni ipeperushe moshi wote nje na kunitazama kwa macho ya mtu anayetunza siri. Ilikuwa siri yetu sote wawili.

Jumamosi asubuhi nikapakia vitu kwenye bajaji, nikashuka Nangara. Kanisa la Mama limepakana na karakana ya kuchomelea mageti, na kila mashine yao ikiwaka, maikrofoni yangu hupokea mngurumo. Lakini mwenye karakana anaimba besi. Aliingia amevaa joho la kwaya juu ya suruali yenye matundu ya cheche, akatoa kichwa dirishani na kuwaambia vijana wake wazime kila kitu mpaka atakapotoka. Tatizo la kwanza likawa limekwisha bila saketi.

La pili lilikuwa mahali pa kusimama. Nilitaka Mama asimame nyuma, karibu na mlango, akiwa na maikrofoni yake peke yake, ili nisilazimike kuibana kwaya nzima kwa ajili ya mtu mmoja.

"Unanipeleka kwa wanaochelewa ibada?" akauliza. Amesimama mstari wa mbele tangu kanisa lile lilipokuwa la miti na udongo.

"Nakupa maikrofoni yako mwenyewe, Mama. Mwalimu wa kwaya hana."

Mwalimu wa kwaya akathibitisha kwamba hana. Mama akatembea kwenda nyuma polepole, ili kila mtu aone kwamba ameombwa.

Tukaanza kujaribu, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo kwa mtu anayerekodi kwaya zetu. Kitufe cha kukuzia hukipangi kwa kubahatisha. Unawaambia watu waimbe kama watakavyoimba, unatazama namba zinafika wapi, unapunguza au kuongeza. Sasa waambie watu wa kwaya zetu waimbe kwa majaribio. Wanaimba kama wamekwenda kumjulia hali mgonjwa. Macho chini, mikono mbele, sauti nzuri ndogo. Nikaomba waongeze, wakaongeza kidogo kwa heshima yangu.

"Hii si ni ya kujaribia tu, dada fundi?" mwalimu akasema. "Nguvu tumezitunza."

Kwa kwaya nimeshazoea, najua adabu yao ni kiasi gani na nguvu yao ni kiasi gani. Kwa Mama sikuwa na namna ya kujua, kwa sababu kila nilichowahi kunasa kwake kilikuwa kimemwagika, na mahindi yaliyomwagika huwezi kuyasoma kwenye debe. Nikamwendea kule mlangoni.

"Mama, nipigie kigelegele."

"Cha nini?"

"Cha kupima."

Akawatazama kina mama wenzake. "Nani ameolewa?"

"Hakuna aliyeolewa, Mama. Nataka tu nione namba."

"Kuna aliyejifungua? Kuna aliyefaulu mtihani?" Wakaanza kucheka. Mama naye akacheka, lakini akanionea huruma, akaweka kiganja mdomoni na kujaribu. Kikatoka kitu kidogo kama kifaranga kilichokanyagwa. Kwenye kompyuta yangu hakikufika hata robo. Akajaribu tena, kikawa kibaya zaidi, na safari hii alishika mdomo kwa maumivu.

"Mwanangu, sikufanyii kusudi," akasema. "Kigelegele hakipigwi bure bure. Pasipo na jambo, ulimi wenyewe unagoma."

Nilijua anasema kweli, na ndiyo maana nilipandwa na hasira. Kwenye wimbo angekipiga kweli, ubeti wa mwisho, mara moja, na meno yakiwa katika hali ile nisingethubutu kumwomba arudie. Nikikuza sana, kitachanika kama vyote. Nikibana sana kwa woga, kitaanguka chini kabisa ya debe pamoja na mvumo wa umeme na mwishowe nikikipandisha nitapandisha takataka zote. Jumatatu ilikuwa inakuja. Nilisimama pale na kitufe changu cha kuzungusha, fundi mwenye cheti na saketi nzuri, ninayehitaji furaha ya kweli ya mwanamke mmoja ili nipate namba.

Mimi nikikasirika huwa nanyamaza kwanza, kisha nasema kitu ambacho sikukipanga. Nilirudi kwenye kompyuta, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikageuka.

"Mama," nikasema kwa sauti kubwa. "Nina ujauzito."

Tulikuwa tumeoana miaka mingi kiasi kwamba watu walishaacha kuuliza, na wakiacha kuuliza inauma kuliko wakiuliza. Tulikubaliana na mume wangu tusiseme mpaka tumbo liseme lenyewe. Sasa nilikuwa nimesema mbele ya kwaya nzima, mwenye karakana, na maikrofoni mbili zilizowashwa. Mama alikuwa ameshika nguzo ya maikrofoni.

"Kweli?" akauliza.

"Kweli, Mama. Mwezi wa nne huu."

Alikipiga. Sina neno jingine. Kwenye kioo cha kompyuta wimbi lilijaa juu mpaka chini, kilele kimekatwa bapa kama kwa panga, na daiodi zangu mbili zikafanya kazi ziliyozaliwa kuifanya. Nikashusha kitufe. Akapiga cha pili, bado bapa. Halafu akaiacha maikrofoni akaanza kunijia mbio, mikono juu, na kina mama wengine nyuma yake, na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kufungua mikono nimpokee mama yangu, nilipiga kelele:

"Mama, rudi kwenye maikrofoni!"

Alirudi. Alikuwa anacheka, analia, na alirudi kinyumenyume ili asiache kunitazama, na alipofika akakipiga tena, na tena, akisahau meno, na kila kimoja mimi nikashusha kidogo, nikiwa nami nalia kiasi kwamba namba sikuziona vizuri na ilibidi nimuulize mwalimu wa kwaya anisomee. Hatimaye kikaja kimoja ambacho kilele chake kilipanda, kikakaribia ukingo, kikapinda vizuri kwa mviringo, kikashuka. Nikaweka alama ya kalamu kwenye kitufe. Ndipo nikamwendea, na alinishika uso kwa mikono yote miwili, mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake.

Kisha nikaogopa upya. Niliwaza: nimemmaliza. Vigelegele vyote vilivyokuwa ndani ya yale meno vimetumika kwenye majaribio.

Mwalimu akainua mikono. Waliimba wimbo wa shukrani, na hakukuwa tena na adabu ya kujulia hali mgonjwa. Mabenchi yalitetemeka. Mwenye karakana aliimba amefumba macho. Ubeti wa mwisho ukafika, mimi nimeshika vipokea sauti masikioni kwa mikono miwili, na kule mlangoni, mahali pa wanaochelewa, Mama akakitoa. Kilikuja chote. Nilisikia ulimi ukigonga meno, tik-tik-tik ndogondogo chini ya ile sauti kubwa, kitu ambacho miaka yote kilikuwa kinafunikwa na mkwaruzo.

Nilimwekea vile vipokea sauti asikilize mwenyewe. Alisikiliza bila kuinamisha kichwa.

"Kumbe ndivyo nilivyo," akasema. Akaniomba nirudie.

Jumatatu meno yakatoka. Baada ya fizi kupona akawekewa ya bandia, meupe, yaliyonyooka kuliko ya kwake, na wote tulimwambia amependeza. Lakini kwenye harusi zilizofuata alipiga makofi tu. Watu wakimtazama, anavuta khanga mdomoni. Nilimwuliza siku moja kama amejaribu akiwa peke yake, akasema mambo ya peke yake hayana kigelegele, na akabadilisha mazungumzo. Nilikuwa na kile cha kwenye kompyuta, kizima, nilichokitaka miaka yote. Nilikisikiliza mara nyingi nikiwa naendelea kuwa mzito, na kila mara nilifurahi, na kila mara nilihisi namkosa Mama mwenyewe.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye mapafu ya bibi yake. Siku ya ubatizo tulifanyia sherehe nyumbani kwa Mama, turubai uani, pilau, na samaki wa ziwani aliowakaanga mwenyewe bila kuruhusu mtu asogelee karai. Nilileta spika zangu mbili kubwa. Mwalimu wa kwaya akaomba tupige ule wimbo wa shukrani, nikaupiga, na mume wangu akaanza kurekodi kwa simu yake, akimlenga Mama, aliyekuwa amempakata mtoto.

Ubeti wa mwisho ulipofika, kile kigelegele cha zamani kikapanda kutoka kwenye spika, safi, cha mviringo, meno yote yakiwemo. Uani watu wote wakageuka kumtazama mwenyewe. Mama alitulia kidogo, anajisikiliza. Kisha akampa jirani mtoto, akainamisha kichwa, akatia vidole mdomoni, akatoa meno ya bandia, akayafunga kwenye pindo la khanga yake fundo moja, akainuka.

Kigelegele kilichotoka hakikuwa kile. Kilikuwa kinene zaidi, kina majimaji kidogo, ulimi unapiga fizi na mdomo badala ya meno. Lakini kilipanda vilevile bila pumzi ya kujiandaa, kikatetemeka kule juu mpaka nikaanza kumwonea wasiwasi, na spika zangu mbili hazikusikika tena.

Simu ya mume wangu haina kitufe cha kuzungusha. Kila kitu kilimwagika. Nimeifungua rekodi hiyo kwenye kompyuta yangu na nimeona kilele bapa mwanzo hadi mwisho, kazi ambayo mteja akiniletea ningemwambia atupe. Nimeiweka karibu na ile nyingine na sijaigusa. Ukivumilia ule mchaniko ukapita, unasikika mtoto akilia kwa kushtuka, kisha Mama, meno yakiwa bado kwenye pindo la khanga, akimwambia: "Nyamaza, ni bibi yako huyu."